Vifaranga wa bata wangu wanakula wamekaa chini. Je, ni ugonjwa wa bata wa porini?

Shikamoo Mzee,

Nakuandikia kutoka Ifakara. Nafuga bata wa kienyeji, wale wakubwa wenye vinyama vyekundu usoni, huu mwaka wa sita. Miaka yote hiyo bata wangu walishinda kwenye majaruba nyuma ya nyumba, jioni wanarudi wenyewe, nawatupia chenga kidogo na kufunga banda. Sikuwahi kununua chakula wala dawa.

Masika ya mwaka huu majaruba yalijaa bata wa porini, wale wenye uso mweupe wanaopiga mluzi usiku. Mama mkwe akasema hao ndio wanaoleta magonjwa, kwamba ndugu yake aliwahi kumaliza banda zima kwa sababu yao. Sikutaka kubishana naye. Mume wangu akazungusha uzio wa mabanzi, tukawafungia bata wote ndani. Mwezi wa sita majike wawili wakaangua vifaranga 23. Nawalisha unga wa dona, chenga, na mikate iliyolala ambayo shemeji ananiletea kiroba kizima kutoka kwenye tanuri anakofanya kazi. Kuna wiki dona iliisha, nikaazima kwa jirani chakula cha kuku wa mayai.

Sasa wana wiki tatu na siku chache. Saba wanayumba, miguu imepinda kama upinde, na wakifika kwenye sahani wanakula wamekaa. Wawili hawasimami kabisa. Kuna wengine wawili wa uzao wa mbele kidogo, bawa la kushoto limetoka nje kama mkono wa shati uliopinduka. Halafu wiki iliyopita jike mmoja aliruka uzio, tukamkuta pembeni ya dimbwi linalokauka, macho anafumbua ila shingo imelala kama kamba. Kabla hatujaamka alikuwa ameshakufa. Kambale waliokwama humo dimbwini walikuwa wameshaoza.

Mama mkwe anasema, "Nilikwambia." Mume wangu anataka kuchanganya mpunga na dawa ya wadudu amwage jaruba la chini, bata wa porini wafe tuwe na amani. Mimi moyo unakataa lakini sina hoja. Ni ugonjwa gani huu, na tufanye nini?

Mama wa Bata, Ifakara

—

Marahaba, mwanangu.

La kwanza, kabla hujamaliza kusoma: mpunga wenye dawa usimwagwe. Mwambie baba watoto kwamba mzee amesema hivyo, na kama ananuna anunie mimi. Kule Bunyala, magharibi ya Kenya, watu walizoea kutega ndege wa majaruba kwa mpunga na konokono waliotiwa dawa ya wadudu iitwayo kabofurani, kisha nyama inauzwa sokoni. Wanaokufa ni bata, korongo, na yeyote mwingine anayepita hapo, kisha ndege wala mizoga wanaokuja nyuma yao. Bata wako mwenyewe ataruka uzio kama yule jike alivyoruka. Na maji ya jaruba la chini yanakwenda kwa nani? Hapo penyewe pana watoto.

Sasa tuje kwa wagonjwa. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika si bata wa porini, ni uzio. Miaka mitano bata wako waliishi majarubani na ndege hao hao wakiwepo, maana bonde la Kilombero halikuanza kuwa na bata masika haya. Hukuwa na kilema hata kimoja. Mwaka huu umebadilisha kitu kimoja tu: umewatoa majarubani na kuwapa sahani. Umeniletea matatizo matatu, miguu, bawa na shingo, na yote matatu kwa macho yangu yameingilia mdomoni.

Miguu. Nataka umshike mmoja wa wale saba, umlaze kiganjani chali, kidole gumba kikipita taratibu kwenye kile kifundo cha katikati ya mguu, pale mguu unapokunja kurudi nyuma. Kama ni ninachodhani, utakuta kimevimba, kimekuwa kinene kama harage, na ukinyoosha miguu yote miwili mmoja au yote inajipinda kutoka hapo. Angalia pia kama ule mshipa wa nyuma umekaa katikati ya kifundo au umeteleza pembeni. Nitakuambia kwa nini.

Bata si kuku. Kila mfugaji anaitikia ukimwambia hivyo, kisha anakwenda kuwalisha sahani moja. Kuna vitamini inaitwa niasini, ya kundi la B. Kuku anaweza kujitengenezea sehemu yake mwilini kutoka kwenye protini anayokula. Bata kazi hiyo haiwezi vizuri, kwa hiyo lazima aipate ikiwa tayari ndani ya chakula. Vitabu vya lishe ya ndege huandika miligramu 55 kwa kila kilo ya chakula kwa vifaranga wa bata, wakati kuku wa nyama huandikiwa 35. Ikipungua, mifupa inakua huku vifundo vikivimba, miguu inapinda, na kifaranga anaona bora ale amekaa.

Sasa tazama sahani yako. Mahindi yana niasini kidogo, na hiyo kidogo imefungwa ndani ya punje kiasi kwamba tumbo haliifungui. Hata watu wanaokula mahindi matupu bila mboga wala kitoweo huugua ngozi na akili kwa kukosa vitamini hiyo hiyo, ugonjwa unaitwa pelagra. Chenga ni mchele uliokobolewa, mali yake imeondoka na pumba. Mkate ni wanga. Umewapa wanga juu ya wanga juu ya wanga, wameshiba, wamenenepa, na miguu haina cha kusimamia mwili huo. Si kosa la uchoyo, mwanangu. Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga, na cheti cha mifugo nikiwa nacho ukutani, niliharibu vifaranga kumi na mmoja kwa njia hiyo hiyo. Nikawapa dawa ya minyoo. Minyoo!

Kile chakula cha kuku wa mayai cha wiki moja nacho hakikusaidia. Kina kalisiamu nyingi ya kutengenezea ganda, mara tatu au nne ya anayohitaji kifaranga, na figo changa zinaumia kuitoa. Wiki moja haitawaua, usirudie tu.

Fanya hivi leo. Nenda duka la dawa za mifugo uombe unga wa vitamini wa kuyeyusha kwenye maji. Usichukue wowote anaokupa: geuza pakiti, soma, hakikisha niasini au nikotinamidi imeandikwa humo, maana zipo pakiti zenye A, D na E peke yake na muuzaji atakuapia kuwa ni "vitamini zote". Changanya kwa kipimo cha pakiti, maji mapya kila asubuhi, usiwape maji mengine. Wale wawili wasiosimama watenge, wawekee majani makavu au maranda chini, si saruji wala turubai, kwa sababu mguu dhaifu kwenye sakafu ya utelezi hupasuka kwenda pembeni na hapo hakuna vitamini itakayourudisha. Wanaowahiwa huanza kubadilika ndani ya siku chache. Yule ambaye mshipa umeshateleza kutoka kwenye kifundo, sitakudanganya, huyo atabaki kilema, na ni wewe utakayeamua kama umlee au la.

Vitamini ya pakiti ni ya kuzima moto. Chakula chenyewe ndicho cha kubadilisha, na hapo ulipo huhitaji gunia la kiwandani. Chukua kikombe chochote ukifanye kipimo: dona vinne, pumba laini ya mpunga vitatu, mashudu ya alizeti viwili, unga wa dagaa kimoja. Pumba iwe mpya kutoka mashineni, kwa sababu ina mafuta na ikikaa wiki kadhaa inachacha. Dagaa wawe wakavu wasio na chumvi. Chumvi nyingi kwa kifaranga wa bata ni sumu, usichukue wale wa kukaanga wenye chumvi kwa kuwa ni rahisi. Loweka kidogo kwa maji, iwe kama uji mzito. Bata hana meno wala hana subira, unga mkavu unamganda kooni. Maji yawe jirani na sahani, na kina chake kifunike matundu ya pua, kwa sababu bata husafisha pua na macho kwa kuzamisha kichwa. Juu ya hapo weka majani ya viazi vitamu au mchicha uliokatwakatwa. Mkipata mchwa, wapeni. Utaona vita.

Utaambiwa na mtu kwamba karanga zina niasini nyingi. Ni kweli, zinazidi nafaka nyingi. Na bado nakukataza usiwape mashudu ya karanga wala karanga mbovu zilizobaki ghalani, na hapa nataka unisikilize kwa makini kwa sababu linahusu na mahindi yako. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga wachanga zaidi ya laki moja walikufa ndani ya miezi michache, ikasemekana ni ugonjwa mpya, hata jina ukapewa. Vifaranga wa bata nao wakafa. Afrika Mashariki pia, miaka hiyo hiyo, vifaranga wa bata walikufa kwa mashudu ya karanga. Walipofuatilia kule Uingereza wakafika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, yenye ukungu uitwao Aspergillus flavus, na hapo ndipo sumu ya ukungu huo, aflatoksini, ambayo sisi tunaiita sumukuvu, ilipogunduliwa na kupewa jina. Kati ya mifugo yote, kifaranga wa bata ni miongoni mwa wepesi sana kudhurika nayo. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo maabara zilipotaka kujua kama chakula kina sumu hiyo, zililisha vifaranga wa bata wa siku moja na kuwapasua ini.

Kwa hiyo usichukue dona la bata kutoka kwenye mahindi yaliyokataliwa na watu. Najua ndivyo tunavyofanya, mazuri tunasaga ya ugali, yenye rangi ya kijani na vumbi tunasema "ya bata". Unamlisha mwenye ini dhaifu kuliko wote nyumbani. Na sumu hiyo haiishii kwa bata, inamfikia na mla mayai na nyama yake. Mahindi yakauke vizuri kabla ya kufungwa, punje ukiiuma ipasuke kwa mlio, ndipo yaingie kwenye mifuko isiyopitisha hewa.

Mikate ya shemeji. Mwambie ahsante, kwa adabu zote, na ile yenye madoa usiipeleke bandani hata kipande. Mkate safi haumuui bata, unamshibisha bure akakosa nafasi ya kula chakula. Hapo ndipo lile bawa linapoingia. Bawa la kifaranga likipata nyama na manyoya haraka kuliko kifundo chake cha mwisho kinavyokomaa, uzito unaliangusha, linageuka nje. Wafugaji wa bata na mabata bukini wanalijua sana, na kwa kawaida hutokea kwa waliofungiwa wakalishwa vyakula vya kunenepesha bila kutembea. Wakati mwingine ni damu ya ukoo pia, hivyo hao wawili wasiwe wazazi wa banda lako. Kwa kuwa bado ni wachanga, likunje bawa kama linavyopaswa kukaa, mkunjo kwa mkunjo, ulizungushie kitambaa laini kikibana bawa lenyewe, si kifua akashindwa kupumua. Fungua baada ya siku tatu, acha anyooshe, tazama, funga tena siku mbili ikibidi. Bawa la bata mzima lililokwisha kukomaa vibaya halirudi. Anaishi na kutaga nalo hivyo hivyo, ila kuruka tena basi, jambo ambalo kwa bata wako anayependa kuruka uzio pengine si hasara kubwa.

Yule jike wa dimbwini ndiye aliyenisikitisha, kwa kuwa barua yako mwenyewe ina jibu lake. Dimbwi linalokauka, kambale waliooza. Kuna bakteria anayeishi kwenye udongo na tope ambaye akipata mzoga, joto na mahali pasipo hewa, anatengeneza sumu inayolegeza misuli. Ugonjwa wake unaitwa botulizimu. Funza wanaokula mzoga huo hawadhuriki, wanaikusanya miilini mwao. Bata anapita, anaona funza weupe, anakula kama mtu aliyeletewa korosho. Baada ya saa kadhaa miguu inakataa, kisha mabawa, mwishoni shingo haibebi kichwa, na akiwa karibu na maji anazama kwa kushindwa kuinua kichwa. Macho anafumbua, kama ulivyomwona. Ndege wa porini hufa hivyo hivyo kwa maelfu mahali pengine duniani majira ya ukame, kuwa wa porini hakuwaponyi.

Natumaini hamkumla. Mchimbieni shimo refu. Watumeni vijana wenye jembe na ndoo waokote kambale wote na kufukia mbali, na huo uzio ungewekwa kuzunguka dimbwi hilo, si banda. Akipatikana mwingine aliyelegea, mwondoe juani umweke kivulini, mpe maji safi tone kwa tone kwa kijiko, kichwa kikiwa kimeinuliwa. Aliyekula kidogo hupona.

Sasa kwa mama mkwe. Simcheki, na wewe usimcheke. Ndege wa porini wanabeba mafua ya ndege, na bata wanaweza kuyabeba bila kuonyesha dalili huku kuku wa jirani wakianguka. Januari 2017 jirani zetu Uganda walikuta ndege wa majini wamekufa kando ya Ziwa Victoria kwa mafua ya aina ya H5N8, na kuku na bata wa kufugwa huko Masaka nao wakapatwa. Kwa hiyo hofu yake ina mizizi. Lakini mafua hayo hayachagui miguu ya vifaranga saba na kuacha wenzao wakila. Ukiona ndege wanakufa ghafla kwa wingi, bata na kuku kwa pamoja, ndani ya siku moja au mbili, au ukikuta bata wa porini wengi wamelala majini, hapo usishike kitu kwa mkono mtupu, usichinje, usiuze. Mpigie afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Huyo ndugu yake wa mama mkwe pengine ndicho kilichompata, au pengine kilikuwa kideri kwa kuku. Muulize dalili zilikuwa zipi, wazee wanakumbuka kuliko tunavyodhani.

Mkubaliane hivi: chakula wapewe ndani ya banda asubuhi, sahani zioshwe na kuinuliwa, pasibaki punje ya kuwaalika wageni. Bata na kuku walale mbalimbali. Kisha watoke. Ndio, watoke, wakianza kusimama. Uliowaona majarubani usiku wakipiga mluzi hawakuja kukuletea balaa, wamekuja kula: mbegu za magugu, mpunga uliopukutika, konokono, wadudu wa majini, mizizi laini. Kifaranga wa bata wa porini wiki zake za kwanza karibu anaishi kwa wadudu, ndiyo maana hujamwona mwenye miguu ya upinde. Hiyo ndiyo sahani uliyokuwa ukiwapa bure miaka mitano bila kujua thamani yake. Huko Japani mkulima mmoja, Takao Furuno wa Fukuoka, tangu 1988 anaachia vifaranga wa bata ndani ya mpunga wakiwa wadogo, wiki moja au mbili baada ya kupandikiza, wanakula wadudu na magugu na kuacha mbolea, kisha anawatoa mpunga unapoanza kutoa masuke kwa sababu hapo wataula. Sheria hiyo ya masuke ishike na wewe, usije ukagombana na mwenye jaruba. Na siku jirani akipulizia dawa, bata wasitoke mpaka maji hayo yametoka na mengine yameingia.

Usiwatoe wote kwa pamoja. Anza na wale wazima, pamoja na mama zao, saa nne asubuhi umande ukishakauka na mwewe wakiwa wanaonekana vizuri. Hao wagonjwa wabaki na vitamini. Jumapili asubuhi, kabla hujaenda popote, weka sahani na uhesabu wangapi wanakula wamesimama. Niandikie idadi hiyo, pamoja na jibu la mama mkwe.